Perege wa Bi Mwanawetu

Wazee waliotutangulia walituachia neno: mwenye pupa hadiriki kula tamu. Neno hilo halisemi kwamba mwenye pupa hali. Hula, tena pengine hula kabla ya wenzake, ila kinachoingia kinywani mwake huwa hakijafika utamu wake. Wako wanaodhani kuwa hilo ni la kuwaonya watoto wanaoangua matunda mabichi. Hao na wasikilize habari za Salima binti Muhidini, msomi wa samaki, na bwawa la Bi Mwanawetu kule Dimani.

Salima alizaliwa Bungu, kando ya barabara kuu, mahali ambapo hata mbuzi huvuka mbio. Tangu utotoni alikuwa na roho ya juu juu. Wenziwe wakichoma korosho, walisubiri zipoe ndipo wabangue. Yeye alizitia meno zingali zinachuruzika mafuta ya ganda, akarudi nyumbani midomo imebabuka. Mama yake akampaka mafuta ya nazi, akamwambia, "Haya, kesho utasubiri." Kesho hakusubiri. Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote. Alikuwa na akili kali kama wembe mpya, na akili hiyo ndiyo iliyomvusha darasa baada ya darasa mpaka chuo kikuu, kisha ikamrudisha Kibiti kufanya utafiti wa shahada ya pili katika kituo kidogo cha samaki nyuma ya mji.

Utafiti wenyewe ulizaliwa na msiba. Mabwawa ya perege yalikuwa yameingiliwa na ugonjwa. Samaki alianza kwa kususa pumba, halafu macho yakamtoka, halafu akawa anaogelea akizunguka pale pale kama mlevi aliyesahau mlango wa nyumba yake. Kukicha alikutwa anaelea tumbo juu. Mabwawa ya Bungu yalinuka, na ya Dimani yakanuka vilevile. Bwawa lililosalimika lilikuwa moja tu, la Bi Mwanawetu, bibi mjane aliyelipanda perege aliowavua mwenyewe mtoni zamani, kabla watu hawajaanza kununua vifaranga mjini. Samaki wake nao waliugua. Macho yaliwatoka, chakula walikisusa. Lakini baada ya siku chache walipona, wakaendelea kula kana kwamba habari za msiba hazikuwafikia.

Jambo hilo liliwagawa watu. Ismaily, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, aliyefukia samaki wa bwawa lake zima kwa jembe, alilisema waziwazi kwenye kikao.

"Samaki akiugua akafa, mtu anamfukia, basi. Huyu anayeugua asife ndiye ghala la ugonjwa. Na masika yakija, maji ya bibi yanamwagikia kwetu."

"Sasa mie nifanye nini, niwanyonge wapate kufa kama wenzao?" akauliza Bi Mwanawetu, na watu wakacheka, hata Ismaily.

Baada ya maneno mengi wakakubaliana kwamba bwawa lisiguswe mpaka Salima apime. Akiona samaki wale wana kinga, mbegu yao itagawiwa mabwawa yote. Akiona hawana, bwawa litakaushwa.

"Mie nimekubali," alisema Bi Mwanawetu. "Bwawa lile ndilo shamba langu, na tangu mzee afariki ndilo la kuongea nalo. Lakini kama linawaua wenzangu, nitalikausha kwa mkono wangu. Pimeni. Ila pimeni kweli."

Salima alipokwenda kuwachukua samaki, alimkuta bibi kwenye tuta la bwawa anamwaga pumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunichukulia samaki au mume?"

"Mume si ulishamzika, bibi?"

"Ndiyo maana nikauliza. Huenda umeniletea mwingine."

Salima alicheka huku macho yake yako kwenye maji, mguu wake mmoja ukigongagonga tuta. Bibi akamtaka amweleze, kwa maneno ya mtu asiyekwenda chuo, anakwenda kupima kitu gani hasa.

"Ndani ya mwili wa samaki mna mabawabu, bibi. Kijidudu kikija, bawabu anakitambua kwa umbo lake, anapiga ukelele, na mwili mzima unaamka kupigana. Sisi bawabu huyo tunamwita kipokezi. Sasa, kila bawabu ana maelekezo ya kumuumba, yameandikwa humo humo mwilini. Maelekezo hayo ndiyo jeni. Ya samaki wako nimeshayapata na nimeyasoma herufi kwa herufi. Kuna mahali hayafanani na ya perege yeyote niliyewahi kumsoma."

"Kutofanana huko ni kuzuri au kubaya?"

"Hapo ndipo penye kazi. Nataka nimbishie hodi nione. Je, anaamka, au anaendelea kulala?"

"Haya. Ila usije ukabisha kama mgambo, akajificha chini ya kitanda."

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti. Dokta Hadija, mwalimu aliyekuwa akimsimamia kutoka Dar es Salaam, alikuwa amemwambia, tena si mara moja, kwamba samaki wakifika kituoni waachwe kwenye matangi wapumzike, mpaka waje juu wenyewe kula mbele ya watu. Samaki aliyetikiswa njiani mwili wake umejaa hofu, na hofu huwafumba mabawabu midomo. Wakishatulia ndipo baadhi yao wadungwe vijidudu vilivyokwisha kuuawa, na wengine wadungwe maji ya chumvi matupu. Baadaye bandama zao zitolewe, ipimwe sauti ya ile jeni. Kama waliodungwa vijidudu wanapiga kelele kuliko waliodungwa maji, bawabu yuko macho. Kama wako sawasawa, amelala.

Samaki walipakiwa kwenye pipa la buluu nyuma ya kirikuu. Njia ya Dimani mvua zilikuwa zimeitafuna, gari likawa linaruka kama lenye pepo, na maji ya pipa yakawa yanapiga kingo hadi kuwarushia waliokaa nyuma. Walipofika kituoni na kuwamimina kwenye matangi, samaki wote walizama wakabana pembeni, weusi, mapezi yamewalala.

"Hawa wape muda," alisema Ridhiwani, fundi wa maabara, kijana mpole wa Ikwiriri aliyesoma na Salima tangu sekondari. "Wameona makubwa."

"Muda upi, Ridhi? Mpaka wanizalie wajukuu?"

"Mpaka wale. Si ndivyo alivyosema dokta?"

Moyoni mwa Salima mlikuwa na moto mwingine. Alikuwa amesikia kwamba kuna watafiti wa nchi nyingine wanaosoma jeni ya namna ile ile kwa perege wa mto mwingine. Halafu kulikuwa na kongamano kubwa Dar es Salaam, na mlango wa kupokea kazi ulikuwa unakaribia kufungwa. Atakayetangulia kutoa matokeo ndiye atakayetajwa, na atakayetajwa ndiye atakayepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu. Akawa halali wala hakai. Akiketi alisimama, akisimama alikwenda kuchungulia tangi, na kila alipochungulia kivuli chake kiliwatisha samaki upya, wakazama tena. Alitupa pumba, ikaelea mpaka ikalowa ikazama. Akatoa lawama kwa samaki, kana kwamba walikuwa wakimkomoa.

Kulipopambazuka tena akawa amevaa glavu.

"Leo tunadunga," alisema.

"Salima, hawajala."

"Wana njaa, watakula wakishadungwa. Shika wavu."

"Mimi nashika kwa sababu umesema. Lakini nimekwambia."

"Umeniambia. Nimesikia. Shika."

Wakadunga. Waliwaacha wachache tu ambao hawakuhitajika, wakaendelea kukaa kwenye tangi la mwisho karibu na mlango. Baada ya muda uliotakiwa, bandama zikatolewa, zikapitishwa kwenye mashine, na Salima akaikalia mashine ile kama kuku anayetaka kutaga, akitingisha goti. Majibu yalipotoka aliyasoma, akayasoma tena. Waliodungwa vijidudu na waliodungwa maji ya chumvi walikuwa sawasawa. Wote kimya. Bawabu wa Bi Mwanawetu alikuwa amelala fofofo.

Ridhiwani aliinama akatazama kioo cha mashine. "Hata hawa wa maji ya chumvi wako chini mno," alisema. "Chini kuliko perege wa kawaida. Hili si jibu, hili ni swali. Turudie na hao waliobaki wakishatulia."

"Tutarudia baadaye. Ismaily amepiga simu tangu asubuhi, watu wanangoja."

"Waambie wangoje."

"Wewe kila kitu kingoje. Ndiyo maana mpaka leo hujaoa."

Salima akachukua simu akatoka nje, na kabla hata ripoti haijaandikwa, kabla Dokta Hadija hajaoneshwa chochote, alimwambia Ismaily kwamba samaki wa bibi hawana kinga. Wanabeba ugonjwa tu kama mtungi unavyobeba maji. Neno likitoka kinywani halina kamba ya kulirudisha.

Sikukuu ya Maulidi ilikuwa imewadia, na ilikuwa desturi ya kikundi kwamba kitoweo cha siku hiyo kitoke kwenye bwawa la mmoja wao, kwa zamu. Mwaka ule hapakuwa na haja ya zamu. Wakasema bwawa la bibi likaushwe, samaki wapikwe vizuri waliwe, kwa kuwa ugonjwa ule ukipikwa hauna madhara kwa mtu. Kisha chini kumwagwe chokaa, jua limalize kazi. Basi siku ile pampu ikaletwa, maji yakatolewa, vijana wakaingia na matenga kwenye tope. Samaki wanene, wenye migongo ya kijani kibichi, walikuwa wakirukaruka kama mvua inayonyesha kutoka chini. Kila mwaka pampu ilipozimwa akina mama walipiga vigelegele. Mwaka huo hakuna aliyeanza.

Bi Mwanawetu alikuwa amefunga kanga kiunoni, tope limemfika magotini, akiwaokota kwa mikono yake kama alivyoahidi. Akamwita Salima kando.

"Mjukuu wangu, nikibakiza hata wachache kwenye pipa, uani, mbali na watu?"

"Kinga hawana, bibi. Ukibakiza samaki umebakiza ugonjwa."

"Nakuuliza tu."

Ismaily alikuwa amesimama karibu, gunia la chokaa begani. Akalitua, akamtazama yule binti usoni kwa muda. "Dada Salima, una hakika? Mie nilifukia wangu, najua inavyouma. Na chokaa ikishamwagwa hairudi guniani."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, "Ngojeni kidogo." Maneno yenyewe ni mawili. Lakini Salima alikwisha kuandika muhtasari wa kongamano, akili yake ilikuwa Dar es Salaam, na simu ilikuwa inatetemeka mkononi mwake kwa watu wanaomuuliza mbona kimya.

"Nina hakika, mwenyekiti."

Chokaa ikamwagwa, chini ya bwawa pakawa peupe kama sanda. Jioni masinia yakaandaliwa, wali wa nazi na perege wa mchuzi, dufu zikipigwa msikitini. Salima alikaribishwa sinia la akina mama, na Bi Mwanawetu ndiye aliyempakulia. Dereva wa kirikuu akapiga honi, naye akainuka wenziwe wakiwa bado wanakula, akapangusa mkono, akaaga huku amekwisha kugeuka.

Aliporudi kituoni alimkuta Ridhiwani ana mfuko begani. Shangazi yake alikuwa amefariki Ikwiriri, na alikuwa anakwenda kwenye mazishi na kukaa matanga.

"Njoo uone," alimwambia kabla ya kuondoka. Akatupa pumba kwenye tangi la mwisho. Wale perege wachache waliobaki wakapanda juu, wametakata rangi, wakala mbele yao bila wasiwasi, wengine wakigusa kidole chake. "Sasa hawa wametulia. Dume yumo, majike wamo. Usiwaguse mpaka nirudi. Tuwazalishe kwanza, tupime watoto. Hawa ndio waliobaki duniani, Salima."

"Nimekusikia."

"Hunisikii. Unatazama simu."

Ridhiwani alipokwisha kwenda, Dokta Hadija akapiga simu. Alikuwa amesoma muhtasari, na hakuanza kwa pongezi. Aliuliza swali moja: "Samaki walikuwa wanakula ulipowadunga?"

Salima akakiri kwamba walikuwa hawajala.

"Basi hujapima kinga," akasema Dokta Hadija. "Umepima woga. Ondoa kazi hiyo kwenye kongamano. Mngoje mwenzako, mpange upya kwa utulivu."

Mtu mwingine angeketi chini akalia. Salima alisimama. Damu ilimkimbia mwilini kama maji ya pipa lile njiani. Aliona bwawa limejaa chokaa, akamwona bibi kwenye tope, na akatamani ajue, ajue sasa hivi, si kesho wala atakaporudi Ridhiwani, kama alikuwa amesema kweli au alikuwa amesema uongo. Kuwazalisha samaki kungechukua miezi. Miezi, naye hakuweza kuvumilia hata chai ipoe. Na jibu lilikuwa pale karibu na mlango, linaogelea. Lakini lilikuwa ndani ya bandama, na bandama haitolewi samaki akaishi.

Akaona akiwatumia nusu hawatatosha kumpa jibu la uhakika. Akavaa glavu, akawadunga wote, wengine vijidudu, wengine maji ya chumvi.

Safari hii mashine haikuwa kimya. Waliodungwa maji ya chumvi sauti yao ilikuwa ya kawaida, na waliodungwa vijidudu ilipanda, ikapanda, mpaka Salima akadhani mashine imeharibika. Alikuwa hajawahi kuona jeni ya perege ikiamka namna ile. Bawabu wa Bi Mwanawetu hakuwa amelala hata kidogo. Alikuwa bawabu kuliko mabawabu wote, naye sasa alikuwa kwenye vichupa vidogo juu ya barafu, na tangi la mwisho lilikuwa na maji matupu.

Ridhiwani aliporejea kutoka matangani alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, na pumba mkononi. Alisimama pale. Kisha akaimwaga pumba chini, akaingia maabara, akaketi na kazi zake. Hakumsemesha Salima siku ile wala iliyofuata.

Dokta Hadija aliyatazama majibu mapya akasema ni mazuri, tena ni ya ajabu, lakini samaki wenyewe walikuwa wachache mno, na jambo lisiloweza kurudiwa na mwingine halisimami. Leteni samaki wengine kama hao, alisema, mrudie. Wakatafuta. Walikwenda mtoni, wakaingia vijito na madimbwi ya bondeni, wakafika mpaka Kiongoroni, karibu na bahari, wakasoma jeni za kila perege aliyepatikana. Kila mmoja alikuwa na ile ya kawaida. Mbegu aliyoiokota Bi Mwanawetu zamani zile, kama bado ipo mahali, mto ulikuwa hausemi. Kongamano likapita. Na joto lilipopanda ugonjwa ukarudi, wala haukutokea kwa bibi, kwani kwa bibi palikuwa pakavu. Ulianzia kwa Ismaily, kwenye vifaranga vipya, wakazunguka na kuzunguka mpaka wakaelea.

Salima alikwenda Dimani peke yake kusema ukweli. Bi Mwanawetu alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Kule chini bwawa lilikuwa limepasuka nyufa, na mbuzi wa jirani walikuwa wakivuka katikati yake kama wavukao uwanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Salima hakukaa. Alisema yote akiwa wima, akivibana vidole vyake kimoja kimoja. Bibi alimwacha akamaliza.

"Kwa hiyo bawabu wangu hakuwa amelala."

"Hakuwa amelala, bibi. Nilimpima hajatulia."

"Na wale uliobaki nao kule kwenu?"

"Niliwamaliza. Nilikuwa nataka kujua."

"Ukajua."

"Nikajua."

Bi Mwanawetu aliupepeta ungo, maganda yakaruka. Hakupaza sauti wala hakulia, na Salima akaona ni heri angepigwa. Mwishowe bibi akasema, "Mwenyekiti alipita hapa jana. Ananiuliza kama kweli sikuficha hata mmoja uani. Alitamani niwe mwongo, maskini." Akatoa jiwe kwenye kunde, akalitupa. "Hebu kaa chini, unanizibia mwanga."

Salima akakaa.

"Siku ile ya Maulidi si uliwala?"

"Nilikula, bibi."

"Nilikupa mwenyewe minofu ya tumboni, penye mafuta. Walikuwaje?"

Salima alifungua kinywa ajibu. Alikumbuka honi ya kirikuu. Alikumbuka simu, alikumbuka alivyopangusa mkono. Akaitafuta ladha ya samaki wale kwenye ulimi wake, akaitafuta tena, na hakupata kitu.

"Sikumbuki, bibi."

"Walikuwa watamu," alisema Bi Mwanawetu, akainamia kunde zake. "Watamu sana."

Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.